Kanisa la kimaendeleo Marekani: katikati ya wiki pamejaa, Jumapili mabenchi matupu. Kwa nini?

#1 Kengele ya Saa Nne (mleta uzi)
Wakuu, habari zenu. Nauliza, na anayeguswa anisamehe mapema.

Chukua ratiba ya kanisa la Kiprotestanti la mrengo wa kimaendeleo (progressive, yaani wa kiliberali) kule Marekani. Nazungumzia madhehebu ya United Church of Christ (UCC), Disciples of Christ, Presbyterian Church USA, Walutheri wa ELCA na Wamethodisti wengi wa mijini. Jumanne wanagawa chakula. Jumatano kuna darasa la Kiingereza kwa wahamiaji. Alhamisi kwaya iko juu na kikundi cha wanaoacha pombe kiko chini. Ijumaa kamati ya haki ya hali ya hewa, Jumamosi chakula cha jioni cha bure kwa watu 120. Halafu ifike Jumapili saa nne asubuhi: ukumbi wa viti 400 una watu 65, na nusu yao wamebanana mabenchi matatu ya mwisho.

Hoja yangu: haya yameshageuka mashirika ya misaada yenye organi (kinanda kikubwa cha mabomba). Abishe anayebisha.

#2 Kitasa
Ngoja waje wa mabenchi ya mwisho. Wakifika watakaa huko huko.

#3 Mama Alto
Mleta uzi, umeitaja Jumapili kana kwamba inaota yenyewe kama uyoga. Ifuate wiki kwanza.

Masomo mahali pengi hayatoki kichwani mwa mchungaji. Yanatoka kwenye mpangilio wa pamoja uliotolewa 1992, mzunguko wa miaka mitatu: A ni Mathayo, B Marko, C Luka, na Yohana anachomekwa humo, hasa Kwaresima na msimu wa Pasaka. Kila Jumapili kuna somo la Agano la Kale, zaburi, waraka na Injili. Kwa sababu hiyo mwongoza kwaya anaweza kupanga nyimbo wiki sita au nane kabla.

Jumanne asubuhi mchungaji, mpiga organi na katibu wa ofisi wanakaa kama saa moja: nyimbo za kutaniko, nani anasoma, kuna ubatizo au hakuna, sala ya toba ibaki au iondolewe (hapo panachimbika). Jumatano saa sita mchana ni mwisho wa kupokea matangazo, na hakuna anayeuheshimu mwisho huo. Alhamisi karatasi ya ibada inachapwa. Karatasi ya inchi 11 kwa 17 ukiikunja unapata kurasa 4, kwa hiyo ibada ni kurasa 8 au 12, haiwezi kuwa 9. Tangazo la mistari mitano likiletwa Alhamisi saa nane mchana, ama linasukuma kazi nzima mpaka kurasa 12, ama katibu anapunguza herufi mpaka wazee hawaoni kitu. Ndiyo maana kunatengwa nakala za herufi za pointi 18 pale mlangoni.

Alhamisi jioni kwaya, dakika 90. Kupasha sauti dakika 10, wimbo wa Jumapili hii dakika 25, zinazobaki ni za Jumapili zijazo. Kwaya ya watu 12 ya kujitolea ikikosa tena wawili Jumapili asubuhi, mwongoza kwaya anabadilisha hapo hapo: beti ya kwanza na ya mwisho kwa sauti moja, ya katikati kinanda kinabeba. Shirika gani la misaada linafanya hivyo kila wiki, mara 52?

#4 Mhasibu Mkali
Mama Alto umeeleza vizuri lakini hujamjibu. Jibu ni jengo.

Jengo lilijengwa kwa ajili ya watu 400. Paa na boila (mtambo wa kupasha jengo joto) havijui kwamba wamebaki 65. Hata organi haijui: mabomba ya kawaida yanapanda sauti joto likipanda, yale ya ulimi hayapandi sawasawa nayo, kwa hiyo ukumbi lazima upashwe joto mapema ufikie kiwango kile kile alichotumia fundi siku ya kuiweka sawa, la sivyo inalia kama mbuzi. Hiyo ni bili ya gesi kwa saa moja ya ibada.

Ndipo baraza linafungua milango siku sita nyingine. Shule ya chekechea Jumatatu hadi Ijumaa. Kutaniko la wahamiaji Jumapili alasiri. Kikundi cha Alcoholics Anonymous, wale wanaoacha pombe, kinalipa kodi kidogo, na kinasisitiza kulipa, kwa sababu mapokeo yao ya saba yanawataka wajitegemee na wasipokee michango ya nje. Kwa hiyo ule msongamano unaouona kwenye ratiba, sehemu yake ni wapangaji. Usihesabu wapangaji ukaita huduma.

Na wapangaji wana mitego yake. Mpangaji alete hati ya bima ya madhara kwa wengine, kiwango kinachotakiwa sana ni dola milioni 1, na jina la kanisa liandikwe humo kama mwenye kukingwa pia. Akiwa ni mfanyabiashara wa kawaida, uliza sheria ya jimbo kwanza, maana msamaha wa kodi ya jengo unaweza kupotea kwa sehemu ile aliyopanga.

#5 Kengele ya Saa Nne
Mhasibu, umenisaidia hoja. Kwa hiyo ni shirika la misaada lenye organi NA wapangaji 😄

#6 Msoma Kumbukumbu
Wote mnaongea kana kwamba jambo hili limeanza juzi boila lilipoharibika. Kanisa la kufunguliwa siku saba lilikuwepo Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na wakati huo mabenchi yalikuwa yamejaa. Makanisa ya mijini yalikuwa na maktaba, ukumbi wa mazoezi, madarasa ya ushonaji, zahanati. Walter Rauschenbusch alikuwa mchungaji wa Kibaptisti kwenye mtaa wa Hell's Kitchen, New York, kuanzia 1886, akizika watoto wa mafukara, na kule ndiko ilikotoka hoja yake kwamba dhambi si ya mtu mmoja mmoja tu, ipo pia kwenye mishahara na nyumba za kupanga. Washington Gladden naye alikuwa kwenye kanisa la Kikongregesheni Columbus, Ohio, akitetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama.

Kwa hiyo kazi ya katikati ya wiki si dalili ya ugonjwa. Ni theolojia yao. Wakiiacha wanakuwa wamebadilisha dini.

#7 Binti Takwimu
Naongezea namba ili tusibishane gizani. UCC iliundwa Juni 1957 Cleveland, Ohio, kwa kuunganisha makanisa ya Kikongregesheni na kanisa la Evangelical and Reformed. Ilianza na washirika zaidi ya milioni 2. Mwaka 2022 walikuwa kama 700,000. Kwa Marekani nzima, shirika la utafiti la Pew lilikuta Waprotestanti wa madhehebu haya ya zamani ni asilimia 18 ya watu wazima mwaka 2007, na asilimia 11 kwenye utafiti wa 2023 na 2024.

Sababu? Wanasosholojia Michael Hout, Andrew Greeley na Melissa Wilde walionyesha mwaka 2001 kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya madhehebu haya na yale ya kihafidhina ni uzazi. Wanawake wa madhehebu haya walianza kuzaa watoto wachache mapema zaidi, kizazi baada ya kizazi. Hakuna anayependa jibu hili kwa sababu halimlaumu mtu.

#8 Mzee wa Kanuni
Binti Takwimu, kuna jibu la zamani zaidi. Dean Kelley alisema 1972 kwamba makanisa yanayodai mengi kwa mshirika ndiyo yanayokua, na yasiyodai kitu yanapungua. Kwenye kanisa la kimaendeleo unaweza kuwa mshirika miaka 10 bila kuulizwa chochote isipokuwa kuleta keki.

Kisha semeni ukweli mnaoukwepa: bendera ya upinde wa mvua mlangoni imewaondoa wengi.

#9 Binti Takwimu
Tarehe hazikubali, mzee. Kupungua kulianza katikati ya miaka ya 1960. UCC walimbariki William R. Johnson kuwa mchungaji, wa kwanza aliyejitangaza wazi kuwa shoga, mwaka 1972. Azimio la kuyataka makanisa ya mahali yatamke kwamba watu wa mielekeo yote ya kimapenzi, wakiwemo mashoga, wanakaribishwa kama washirika kamili ni la 1985. ELCA waliruhusu wachungaji wenye wenzi wa jinsia moja 2009, Wapresbiteri walibadilisha maelezo ya ndoa 2015, Wamethodisti waliondoa katazo lao la wachungaji mashoga 2024. Mteremko ulikuwa umeshaanza kabla ya hayo yote.

Ila nikupe haki yako: kati ya 2019 na 2023 makanisa zaidi ya 7,600 ya Kimethodisti yalijitenga Marekani, kama robo hivi, na suala lilikuwa hilo hilo. Kwa Wamethodisti hoja yako ina mguu. Kuitandaza kwa wote, hapana.

#10 Mzee wa Kanuni
Nimekusoma. Mguu mmoja unanitosha, nina fimbo.

#11 Stoo Namba Mbili
Hapo juu ugawaji wa chakula mmeutaja kama mstari kwenye ratiba. Ngoja niuweke mezani, kwa sababu ndiko jibu la "kwa nini wanaokuja Jumanne hawaji Jumapili" linapopatikana.

Stoo nyingi za kanisa zinapata chakula cha serikali ya shirikisho kupitia benki ya chakula ya eneo. Masharti yake yako wazi: anayekuja anajitajia mwenyewe kipato chake na mahali pengi anaweka saini, bango la kukataza ubaguzi linabandikwa mahali linapoonekana, wajitoleaji wanaohudumia watu wanapata mafunzo ya haki za raia kila mwaka. Na huwezi kumtaka mtu asali, asikilize mahubiri au ajiandikishe ndipo apate mfuko. Sala ikiwepo, itengwe kwa muda au kwa mahali, na asiyetaka asionekane mbaya. Kwa hiyo mleta uzi, unashangaa kwa nini stoo haijazi mabenchi, wakati kwa sheria na kwa dhamiri yao wameizuia isiwe mtego wa kujaza mabenchi.

Sasa mambo yanayoharibika. La kwanza foleni: mkitangaza saa nne, watu wanapanga mstari saa moja asubuhi kwenye baridi, na wagonjwa wanashindwa. Dawa ni kugawa namba kwa bahati nasibu robo saa kabla ya kufungua. Aliyekuja saa moja na aliyekuja saa tatu na nusu wana nafasi sawa, na baada ya wiki tatu hakuna anayekuja saa moja. La pili mifuko iliyofungwa tayari: nusu ya maharage yanaachwa kituo cha basi. Waache watu wachague wenyewe rafuni kwa kiwango cha kaya, mfano kaya ya watu wanne kopo sita za mboga na protini tatu, upotevu unashuka. La tatu tarehe kwenye makopo. Wajitoleaji wanatupa chakula kizima wakidhani tarehe ile ni sumu, wakati kwa sheria ya shirikisho tarehe inalazimishwa kwa maziwa ya unga ya watoto wachanga tu. Hayo yakipita tarehe usitoe kabisa. Kopo lililovimba au lililobonyea kwenye mshono, tupa hata kama tarehe ni ya mwaka kesho.

Na friji iandikwe joto asubuhi na jioni, isizidi nyuzi 5 za Selsiasi. Anayeogopa kushtakiwa kwa kutoa chakula kwa nia njema, sheria ya 1996 inamkinga, lakini haimkingi mzembe wa kupindukia.

#12 Kitasa
Stoo Namba Mbili, namba moja iko wapi?

#13 Stoo Namba Mbili
Imejaa nguo za mnada wa mitumba wa mwaka juzi. Usiulize tena.

#14 Kamati ya Kamati
Namrekebisha Mzee wa Kanuni kidogo. "Hawadai kitu" si kweli. Wanadai jioni zako. Tofauti inatokana na uongozi. UCC na Disciples, kutaniko ndilo linaamua: linaajiri mchungaji lenyewe kwa kura, linamiliki jengo lake, mkutano mkuu wa mwaka Januari unapitisha bajeti mradi akidi itimie. Wapresbiteri wana baraza la wazee waliochaguliwa, na juu yao presbiteri (baraza la makanisa ya eneo), na jengo linashikiliwa kwa amana ya dhehebu. Kwa Wamethodisti askofu ndiye anayempanga mchungaji, na uhamisho kwa kawaida unaanza Julai.

Kanisa la watu 65 lililobaki na katiba ya watu 400 lina kamati 11 zinazotaka wajumbe sita sita. Piga hesabu: nafasi 66. Kila mtu, pamoja na mtoto wa wiki mbili, anatakiwa kuwa kwenye kamati. Watu hawaiachi imani, wanaukimbia mkutano wa Jumatatu jioni. Makanisa yaliyokata kamati hadi baraza moja la watu tisa na vikundi vya kazi vya muda (vinaundwa, vinamaliza, vinavunjwa) yanapumua. Lakini kubadilisha katiba kunataka mkutano, na mkutano unataka akidi, na akidi iko nyumbani imechoka.

#15 Mama Alto
😂😂 "Akidi iko nyumbani imechoka." Hiyo naichapa kwenye karatasi ya ibada, ikipita kurasa 8 shauri yako.

#16 Nyaya Tatu
Swali la kiufundi kwa wote mnaotaja 65: mmehesabu nini? Tangu 2020 ibada inapeperushwa mtandaoni na hakuna anayehesabu kwa namna moja. Mmoja anachukua kilele cha vifaa vilivyounganishwa kwa wakati mmoja. Mwingine anachukua jumla ya waliofungua hata kwa sekunde chache, anapata 300 na anafurahi. Kifaa kimoja kinaweza kuwa mjane peke yake au nyumba ya wazee yenye watu 14 sebuleni. Huenda Jumapili haijapungua hivyo, imehama.

Kuhusu upeperushaji wenyewe, kosa kubwa ni kulenga kamera na kusahau sauti. Watu wanavumilia picha ya ukungu. Sauti ikikatika wanazima. Toa mkondo wa pekee kutoka mikseli kwenda mtandaoni, usitumie ule ule wa spika za ukumbini, kwa sababu ukumbini organi haihitaji maikrofoni ila mtandaoni isipowekewa yake haipo kabisa. Ongeza maikrofoni mbili za kuning'inia kwa kwaya na kutaniko, la sivyo anayetazama anamsikia mchungaji akiimba peke yake, na si kila mchungaji anastahili hilo. Intaneti iwe ya waya, kasi ya kupandisha angalau megabiti 5 hadi 6 kwa sekunde ikiwa picha ni ya 1080.

Na hakimiliki: sheria ya Marekani inaruhusu kuimba wimbo wowote wa dini ndani ya ibada, mahali pa ibada. Ruhusa hiyo haifiki kwenye kupeperusha wala kuchapa maneno kwenye karatasi au skrini. Kwa hayo unahitaji leseni, au nyimbo ambazo muda wa haki zake umekwisha. Makanisa mengi yalijifunza hili video ilipozimwa katikati ya wimbo wa kwanza.

#17 Shemasi wa Zamu
Nyaya Tatu, umesahau la hatari zaidi: sala za maombi. Desturi ya makanisa haya ni watu kusimama na kutaja furaha na mahangaiko yao kwa sauti. Ukumbini ni watu 65 wanaojuana. Mtandaoni, "mwombeeni fulani, jana kakutwa na saratani ya kongosho" inabaki milele na ndugu zake wanaisoma kabla hajawaambia. Utaratibu unaofaa: ama sauti ya mtandaoni inakatwa kwa kipindi hicho na skrini inaonyesha zaburi, ama maombi yanaandikwa kwenye kadi kabla ya ibada, na kwenye kadi kuna kisanduku cha "nimeruhusiwa na mwenyewe". Kisipotikiwa, mchungaji anaomba bila jina.

Watoto vilevile. Kamera isiwaonyeshe wakati wa hadithi ya watoto pale mbele bila kibali cha mzazi cha maandishi. Darasani wawe watu wazima wawili wasio wa familia moja, mlango uwe na kioo, na wote wawe wamechunguzwa rekodi zao kwanza. Kanuni hii ikivunjwa mara moja "kwa sababu leo tumepungukiwa", hakuna kanuni tena. Mmepungukiwa? Unganisheni madarasa mawili.

Kwenye sadaka: wahesabuji wawili wasio ndugu, chumba kilichofungwa, fomu inasainiwa na wote wawili, pesa zinaenda benki siku hiyo. Mhasibu ataongeza.

#18 Mhasibu Mkali
Naongeza: anayehesabu asiwe yule anayeingiza kwenye vitabu. Na kwa mchango wa dola 250 au zaidi, mtoaji anahitaji hati ya maandishi ya kanisa ili aupunguze kwenye kodi yake, na hati iseme kama alipewa kitu badala yake au la.

Mfuko wa hisani wa mchungaji ndio unaozua kesi. Mtu anakuja na bili ya umeme. Lipa kampuni ya umeme moja kwa moja, weka nakala ya bili na tarehe, usimpe taslimu. Mtoaji hawezi kuandika "hizi ni za familia ya fulani" halafu akadai punguzo la kodi. Uamuzi lazima ubaki kwa kanisa. Na mchungaji asijisaidie yeye wala ndugu zake humo hata kwa mkopo wa wiki moja.

Wachungaji nao: kwa kodi ya mapato huhesabiwa waajiriwa, kwa mchango wa hifadhi ya jamii huhesabiwa waliojiajiri, yaani asilimia 15.3 anailipa mwenyewe. Baraza likisahau hilo wakati wa kupanga mshahara linashangaa kwa nini mchungaji ameondoka mwaka wa pili.

#19 Kengele ya Saa Nne
Nimejifunza mengi, asanteni. Bado sijaona mtu akinijibu jambo moja: hizo kamati za haki, maandamano, kukutana na meya. Hiyo si siasa? Na msamaha wa kodi je?

#20 Msoma Kumbukumbu
Siasa ndiyo, uchaguzi hapana. Tangu 1954 sheria ya kodi inalikataza shirika lenye msamaha kumpigia debe au kumpinga mgombea. Haikatazi kusema juu ya sera, kura ya maoni, bajeti ya mji. Kushawishi wabunge kunaruhusiwa mradi kusiwe sehemu kubwa ya kazi ya kanisa.

Na kuna fani yake. Mtindo ulioenezwa na Industrial Areas Foundation, iliyoanzishwa na Saul Alinsky Chicago 1940, unaanza kwa mazungumzo ya watu wawili wawili, dakika 30 hadi 45. Huombi chochote, hujazi fomu mbele ya mtu. Unauliza nini kinamkosesha usingizi. Kanisa la watu 65 likifanya mazungumzo 40 kwa mwezi mmoja linajua mambo ambayo dodoso halitoi. Kisha mikutano ya nyumbani ya watu wanane hadi kumi na wawili, kisha mnachagua jambo dogo ambalo mnaweza kushinda au kushindwa waziwazi: "umaskini" hamna pa kuukamata, "basi namba fulani lisimame usiku saa tano" mnaweza. Mwisho mnamwita ofisa mbele ya watu 300 kutoka makanisa kadhaa, na anaulizwa swali la ndiyo au hapana. Inafeli pale kanisa linaporuka mazungumzo na kwenda moja kwa moja kuandika tamko. Matamko yamejaa makabati.

Ukitaka mfano wa hatua kubwa, Machi 1982 kanisa la Southside Presbyterian la Tucson, Arizona, chini ya John Fife, lilijitangaza hadharani kuwa kimbilio la wakimbizi wa Amerika ya Kati. Lilikuwa kanisa dogo. Yaliyofuata ni mamia ya makutaniko na kesi mahakamani.

#21 Mzee wa Kanuni
Na Jumapili iliyofuata kulijaa?

#22 Msoma Kumbukumbu
Wewe mzee, unapima kila kitu kwa benchi.

#23 Sufuria Kubwa
Nimechelewa kuufikia uzi. Mmetaja chakula cha Jumamosi cha watu 120 na hakuna aliyegusa kinachokiua: mabaki. Sufuria ya lita 40 ya mchuzi ikiwekwa kwenye friji nzima nzima, katikati inabaki vuguvugu mpaka asubuhi na bakteria wanasherehekea. Kanuni za chakula za Marekani: kutoka nyuzi 57 hadi 21 za Selsiasi ndani ya saa mbili, kisha hadi nyuzi 5 ndani ya saa nne nyingine. Hutafika hapo na sufuria. Mimina kwenye trei zisizozidi kina cha sentimita tano, usifunike mpaka zipoe, koroga kwa chupa ya barafu. Chakula cha moto mezani kisishuke chini ya 57, na kipimajoto kiwe mkononi mwa mtu mmoja anayejulikana, si cha "tutapima".

Na ukitaka wa Jumamosi na wa Jumapili wajuane, acha kuweka wajitoleaji upande mmoja wa meza na wageni upande wa pili. Nusu ya wajitoleaji wakae wale. Sahani moja, benchi moja. Wenye kanisa wengi hili linawashinda kuliko kupika. Wanapenda kugawa, kukaa hawawezi.

#24 Mama Alto
Sufuria Kubwa kagusa pale pale. Hata Meza ya Bwana wanaifungua kwa kila mtu, kila aliyeketi, hata asiyebatizwa mahali pengi. Mkate usio na gluteni kwenye sahani yake peke yake (ukiuchanganya na wa ngano hauna maana tena), maji ya zabibu badala ya divai, ile njia ya Thomas Welch ya 1869, ili aliyeacha pombe asitengwe. Disciples wanafanya kila Jumapili, UCC wengi Jumapili ya kwanza ya mwezi. Meza iko wazi juu. Ya chini ndiyo ina pande mbili.

#25 Kamati ya Kamati
Huenda wale wa chini hawapandi kwa sababu ya ngazi. Sicheki. Makanisa yamesamehewa sheria ya shirikisho ya majengo kufikika na walemavu, kwa hiyo mengi hayajajenga mteremko. Kipimo cha kawaida ni 1 kwa 12: ngazi za sentimita 60 zinataka mteremko wa mita 7.2 kabla hujaweka vituo vya kupumzikia. Watu wanapima nafasi, wanaona haitoshi, wanaweka ubao wa mita tatu, mtu wa kiti cha magurudumu anarudi kinyumenyume. Bango linasema wote mnakaribishwa.

#26 Kengele ya Saa Nne
Basi tuna jengo, uzazi, kutodai, kamati, kuhesabu vibaya, meza mbili na ngazi. Hoja yangu ya organi imefia wapi?

#27 Mhasibu Mkali
Haijafa, ni sauti imepanda. Washa joto mapema.

#28 Shemasi wa Zamu
Kabla hamjaendelea: jioni nne kwa wiki vikundi sita vinatumia jengo moja. Funguo zinakaa kwa nani?

#29 Kitasa
Mimi.

#30 Stoo Namba Mbili
Na ya stoo namba moja?

#31 Kitasa
Hiyo alikuwa nayo mwenyekiti wa kamati ya majengo. Kamati ilivunjwa kwenye mkutano mkuu.

#32 Kamati ya Kamati
Akidi ilitimia?